Sintipopu kutoka chumba cha Uyole: mnachokihitaji na msichokihitaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana watatu, tunaishi Uyole, Mbeya. Mmoja wetu anapiga kinanda kwenye kwaya ya vijana kanisani, dada mmoja anaimba, na mimi nina laptopu ya RAM GB 4. Tumeupenda mno muziki wa Waingereza wa miaka ya 80, ule unaoitwa sintipopu, wa sintesaiza (vinanda vya umeme vinavyozalisha sauti zake vyenyewe): Depeche Mode, The Human League, OMD (Orchestral Manoeuvres in the Dark). Tumejaribu kutengeneza wa kwetu, lakini kila biti inatoka kama Bongo Fleva iliyopoa. Prodyuza mmoja wa mjini katuambia bila vyombo vyenyewe vya enzi zile na studio ya Dar tunajisumbua bure. Je, ni kweli? Ile sauti hasa inatoka wapi, na wale wenyewe walianzaje?

JIBU: Marahaba, wadogo zangu. Si kweli. Nitaanza na swali lenu la mwisho, kwa sababu mkishajua wale vijana walikuwa na nini mikononi, mtajua pia sauti yao ilitoka wapi.

Mwaka 1978 palikuwa na kijana wa London aitwaye Daniel Miller. Alikuwa na sintesaiza moja ya Korg 700S aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na tepu rekoda ya TEAC ya traki nne, yaani njia nne za kurekodia, moja juu ya nyingine. Alirekodi nyumbani. Mpiga ngoma hakuwa naye, gitaa hakutumia. Alitengeneza nyimbo mbili, akajiita The Normal kana kwamba ni bendi nzima, akachapisha santuri mwenyewe, na kwenye jalada akaweka anwani ya nyumbani kwa mama yake. Lebo aliyoibuni kwa ajili ya santuri hiyo akaiita Mute Records. Watu walioiona ile anwani wakadhani pale kuna kampuni, wakaanza kumtumia kaseti zao. Hivyo ndivyo lebo ilivyozaliwa. Depeche Mode, vijana wanne kutoka mji wa Basildon, walipokutana naye hawakusaini mkataba wowote. Walipeana mikono, wakakubaliana kugawana faida nusu kwa nusu. Albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka 1981.

Mwaka ule ule wa 1978, kule Sheffield, The Human League walitoa "Being Boiled". Wawili kati yao walikuwa waendeshaji wa kompyuta kazini, na mwimbaji Philip Oakey alikuwa mhudumu wa hospitali ambaye hakuwahi kuwa mwimbaji wa bendi. Waliurekodi wimbo huo kwa tepu rekoda ya kawaida ya nyumbani, ndani ya jengo la kiwanda lililokuwa limeachwa. Zile ngoma mnazozisikia humo si ngoma. Ni sintesaiza ya Roland System 100 iliyolazimishwa kupiga kelele za ngoma.

OMD ndio ninaowapenda kuliko wote, na kisa chao nataka mkikumbuke kila mtu atakapowaambia hamna vyombo. Andy McCluskey na Paul Humphreys walikuwa vijana wa Wirral, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Sintesaiza yao, Korg Micro-Preset, ilinunuliwa kwa katalogi ya mama yake McCluskey, ile ya kuagiza vitu na kulipa kidogo kidogo kila wiki. Kilikuwa chombo cha bei ya chini chenye sauti chache zilizopangwa kiwandani. Jukwaani hawakuwa na mpiga ngoma; walikuwa na tepu rekoda, nayo wakaipa jina, Winston, wakaiweka mbele ya watu kama mwanabendi. Wimbo wao wa kwanza ulitoka mwaka 1979.

Na msidhani ni habari ya Wazungu peke yao. Kule Enugu, Nigeria, William Onyeabor alitoa albamu zake mwenyewe kati ya mwaka 1977 na 1985, zimejaa sintesaiza, kupitia kampuni yake mwenyewe. Francis Bebey wa Kameruni alikuwa akichanganya sintesaiza na mashine ya ngoma pamoja na ala za Kiafrika, akiwa Paris. Hapa kwetu, singeli imetoka kwenye vyumba vidogo vya uswahilini Dar kwa kompyuta za kawaida, ikafika hadi kwenye matamasha ya Ulaya.

Sasa tuingie kwenye sauti yenyewe. Ninachotaka kuwaambia, na ndicho kiini cha jibu langu lote, ni kwamba ile sauti ni matokeo ya uhaba. Vyombo vile vilikuwa na mipaka mikali, na kila mpaka uliacha alama inayosikika. Nyinyi mna laptopu yenye uwezo mkubwa kuliko studio nzima ya mwaka 1979, na hapo ndipo biti zenu zinapopoa: mnaweka kila kitu kwa sababu kila kitu kipo. Mkitaka sauti ile, jiwekeeni mipaka ile.

Mpaka wa kwanza ndio mkubwa. Sintesaiza za mwanzo kama hizo Korg zilipiga noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza vidole vitatu, inalia noti moja. Kwa hiyo hawakuweza kuweka kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) nzito ya mkono mzima na kuiacha itande chini ya wimbo. Walitengeneza mwafaka wa sauti mstari kwa mstari: besi mstari wake, katikati mstari wake, juu mstari wake, kila mmoja ukitembea kwa njia yake. Wanapokutana, kodi inatokea yenyewe.

Huo ni uandishi wa kwaya. Mpiga kinanda wenu anaujua tayari, labda hajui kwamba anaujua. Nyanda hizi zimeimba kwa sauti nne tangu enzi za wamisionari wa Moravian, waliojenga Rungwe mwaka 1891, na mtoto aliyekulia kwenye kwaya za Tukuyu, Njombe au Iringa anaweza kuitunga sauti ya pili papo hapo bila kufundishwa. Mwambieni afanye hivi: achukue mwafaka wa wimbo mlioutunga, auandike kama anaipangia kwaya, soprano, alto, tena na besi, kwa do-re-mi kama alivyozoea. Kisha kila sauti ipewe sintesaiza yake inayopiga noti moja moja. Besi isikae mahali pamoja, itembee. Sauti ya tena isiruke ovyo. Utasikia mara moja kwamba mmeondoka kwenye lile zulia la kodi ambalo biti nyingi za siku hizi zimelala juu yake. Nimesikia bendi nyingi za mitandaoni zenye vyombo halisi vya enzi zile, vya bei ya kutisha, ambazo hazina jambo hili, na zinasikika kama tangazo la biashara.

Kuna jambo jingine la OMD ambalo linahusiana na hilo. Sikilizeni nyimbo zao za mwanzo mkitafuta kiitikio. Mara nyingi hakiimbwi. Mwimbaji anamaliza ubeti, ananyamaza, na sintesaiza inaingia na melodia ambayo ndiyo kiitikio. Ni melodia rahisi ambayo mtu anaweza kuipiga mluzi barabarani. Kipimo changu kwenu ni hicho: mstari wa juu wa kinanda, ukiondoa kila kitu kingine, mtoto wa jirani anaweza kuupiga mluzi kesho yake? Kama hawezi, utungeni upya kabla hamjagusa sauti ya chombo.

Mpaka wa pili: mashine nyingi hazikuwa na kumbukumbu. Sauti uliyoitengeneza kwa kuzungusha vitufe ikipotea imepotea. Kwa hiyo walizijua sauti zao chache kwa mikono, na hawakuwa na ile tabia ya kupekua sauti mia tano zilizopangwa kiwandani wakitafuta inayofaa. Kwa hiyo jifunzeni kutengeneza sauti wenyewe. Si vigumu. Sintesaiza ya aina ile ina sehemu tatu za kuelewa.

Kwanza ni osileta, kinachozalisha wimbi. Wimbi la msumeno lina ukali na limejaa, linafaa besi na nyuzi. La mraba lina uwazi wa ndani kama filimbi ya mwanzi, linafaa melodia. La pembetatu ni laini. Chukua osileta mbili za msumeno, moja ikae kwenye noti, nyingine isogezwe kidogo sana. Moja ikiwa Hz 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) na ya pili Hz 441, mawimbi hayo yatakutana na kuachana mara moja kila sekunde, na sauti itaanza kupumua. Huo ndio unene mnaousikia kwenye santuri zile. Roland Juno-60 ya mwaka 1982 ilikuwa na osileta moja tu kwa kila noti, lakini ilijengewa ndani kifaa cha korasi kinachoiga kupumua huko, na ndicho kilichoipa sifa.

Pili ni filta, inayokata sauti za juu na kuacha za chini. Mkitaka kuielewa bila mashine, imbeni "aaa" mmeziba mdomo kwa kiganja, kisha mfungue kiganja polepole.

Tatu ni ile sehemu inayoamua sauti inaingiaje na kutokaje, wenyewe wanaiita envelopu. Ina namba nne: inachukua muda gani kupanda, muda gani kushuka, inakaa kwenye kimo gani ukiwa umeshikilia kitufe, na inachukua muda gani kufa ukiachia. Vijana wengi huruka hapa, na kwa maoni yangu sintipopu yote imekaa hapa. Tofauti kati ya besi ya Depeche Mode na mlio wa kinanda cha harusini haiko kwenye wimbi. Iko kwenye namba hizo nne.

Nitawapa besi moja kamili mwanzie hapo. Osileta ya kwanza msumeno, ya pili mraba oktava moja chini. Filta ya kukata juu, ifungwe mpaka karibu Hz 300. Envelopu ya filta: kupanda sifuri, kushuka milisekunde 200 hivi, kimo cha kushikilia sifuri, nayo iifungue filta kiasi cha kutosha kila noti iseme "tak" mwanzoni. Envelopu ya sauti: kupanda sifuri, kushuka milisekunde 300, kimo cha kushikilia sifuri, kufa haraka. Tempo 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Kwa tempo hiyo pigo moja ni milisekunde 500, nusu pigo milisekunde 250. Piga noti za nusu pigo, nane katika kila kipimo, bila kuacha. Kila noti itakuwa imekaribia kufa wakati ijayo inaingia, na hapo besi itaanza kukimbia badala ya kunguruma. Mkisikia inanguruma, fupisheni, msipunguze sauti.

Kwa melodia ya juu chukua mraba mmoja, ongeza mtikisiko mdogo wa noti unaoanza kwa kuchelewa, na mwangwi wa kurudia wa milisekunde 375, yaani robo tatu ya pigo kwa tempo ya 120. Mwangwi huo utajaza nafasi ambazo mngeshawishika kuzijaza kwa chombo kingine.

Ngoma ndizo zinazowarudisha kwenye Bongo Fleva, nina uhakika na hilo hata kabla ya kusikia kazi yenu. Mnatumia sampo (milio iliyorekodiwa tayari) zile zile za kiki nzito, ile ngoma kubwa ya chini, na haihati za kukimbia, vile visahani vya juu, ambazo kila studio kutoka Mwanjelwa mpaka Sinza inazo. Ziachisheni kazi hizo. Tengenezeni ngoma kwa sintesaiza, kama walivyofanya Sheffield: kiki ni wimbi laini linaloanza karibu Hz 200 na kuporomoka mpaka Hz 50 kwa kufumba na kufumbua, sneya ni kelele nyeupe, ile ya redio isiyo na stesheni, ikatwe fupi, haihati ni kelele hiyo hiyo ikiwa imeondolewa sauti za chini. Kiki kwenye pigo la kwanza na la tatu, sneya la pili na la nne, na msiyumbishe chochote. Muziki wetu una myumbo mzuri na ninaupenda, ila mashine nyingi za mwanzo hazikujua kuyumba, na ugumu huo ndio unaofanya sauti ya binadamu juu yake isikike ina joto.

Hapa niwaonye kidogo. Neno "miaka ya 80" limebeba sauti mbili tofauti. Ile ya 1978 mpaka 1981 ndiyo ya vyumbani niliyoieleza. Baadaye fedha ziliingia. Mashine ya ngoma ya Linn LM-1, iliyotoka mwaka 1980 na iliyotumika kwenye albamu ya "Dare" ya The Human League mwaka 1981, iliuzwa karibu dola 5,000. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa DX7, yenye sauti za kengele na piano ya umeme inayometameta, na watengenezaji wakakubaliana mfumo wa MIDI unaounganisha vyombo vya kampuni tofauti. Muziki ukabadilika, ukawa wa kung'aa. Sauti hiyo ya pili mnayo tayari bila kujua: sauti za piano ya umeme kwenye vinanda vingi vya kanisani zimetokana na DX7. Amueni mnataka ipi. Mkichanganya zote mbili kwenye wimbo wa kwanza, mtapotea.

Mpaka wa tatu ni traki nne. Miller alikuwa na nne. Kaseti ya Portastudio ya Tascam, iliyotoka mwaka 1979 na kuwafungulia mlango wanamuziki wengi wa nyumbani, nayo ilikuwa na nne. Ukijaza tatu, unazichanganya ziwe moja kwenye ile ya nne na kuendelea, na ukishachanganya hurudi nyuma. Mdogo wangu wa laptopu, fanya hivyo kwa makusudi, nayo itakuokolea RAM yako. Pakua Reaper: ni programu nyepesi ya kurekodia, kifurushi chake cha Windows hakizidi MB 20, unaijaribu siku 60 ikiwa na kila kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ndani yake weka Surge XT, sintesaiza ya bure kabisa ambayo msimbo wake uko wazi. Ukimaliza mstari mmoja, ugeuze uwe faili la WAV na uifunge sintesaiza, kisha uendelee na mstari unaofuata. Kompyuta ya GB 4 itamaliza wimbo mzima kwa njia hiyo. Kama hata hiyo inailemea, LMMS ni ya bure na ina sintesaiza yake ya osileta tatu inayotosha kwa yote niliyoyaandika hapa. Mapungufu yake ni kwamba hairekodi maiki, kwa hiyo sauti ya dada mtairekodi kwa Audacity, programu ya bure ya kurekodia, na kuileta baadaye. Tafadhali achaneni na zile programu za kuibiwa zinazozunguka kwenye flashi. Zinakuja na virusi, na hamna sababu nazo.

Kinanda cha kwaya kina kazi mbili. Kama ni Yamaha PSR cha miaka ya karibuni, angalieni nyuma, vingi vina tundu la mraba la USB. Waya wake ni ule ule wa printa, unapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ofisi pale Kabwe. Ukiunganisha, kinanda kinakuwa vidole vya kupigia Surge XT. Vya zamani zaidi vina tundu la mviringo la pini tano, hivyo vinahitaji kifaa kidogo cha kubadilisha MIDI kwenda USB. Sauti ikichelewa baada ya kubonyeza, wekeni ASIO4ALL, programu ya bure ya Windows ya kupunguza kuchelewa huko, na bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa) ya sampuli 256. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, huko ni kuchelewa kwa milisekunde 6 hivi, sikio halisumbuki. Kazi ya pili: sauti moja au mbili mbaya za kinanda hicho, zile ambazo kwaya haizitumii kamwe, zirekodini kwa waya kupitia tundu la hedifoni na kuzipitisha kwenye filta. OMD walianza na chombo cha namna hiyo. Kitu kimoja tu nakataza: ile staili ya kinanda inayopiga ngoma, besi na kodi peke yake. Izimeni na msiiguse.

Kuhusu kurekodi hapo Uyole, mna bahati ambayo hamjaiona. Bendi ya gitaa na ngoma inahitaji chumba kizuri na ukimya. Sintesaiza inaingia kwenye laptopu bila kupita hewani. Mvua ya Machi ipige bati inavyotaka, malori ya barabara ya Zambia yapite, nyinyi mnaendelea. Sauti ya dada peke yake ndiyo inayohitaji utulivu. Irekodini usiku, au ngojeni Juni mpaka Agosti mvua ikiwa imekwisha. Mablanketi mazito hayakosekani nyumba za Mbeya: tundikeni mawili nyuma ya mwimbaji na moja nyuma ya maiki, pembeni mwa chumba kuwe na godoro limesimama. Baridi ya Julai inakaza koo, kwa hiyo apashe sauti kwanza kama anavyofanya kabla ya ibada, na anywe maji ya uvuguvugu. Mkisikia mlio wa chini unaovuma bila kukoma, ni umeme, Hz 50 na ndugu yake wa Hz 100. Chomoeni chaja, rekodini kwa betri. Mara nyingi huisha papo hapo.

Namna ya kuimba. Wengi wanaoiga muziki huu wanaimba kwa sauti baridi ya puani, wakidhani ndiyo sheria. Msikilizeni Vince Clarke baada ya kuondoka Depeche Mode. Alianzisha Yazoo na Alison Moyet, mwimbaji wa sauti nzito ya muziki wa blues aliyekuwa akiimba na bendi ndogo za huko kwao. Watu wawili tu, mmoja na mashine, mmoja na sauti iliyojaa damu, na kazi yao haijazeeka. Dada yenu asiifiche sauti ya kanisa. Aimbe noti bila kuzipamba sana, kwa sababu mashine hazipambi, lakini kifua chote kiwepo. Na aimbe Kiswahili. Irabu zetu zinakaa wazi mwisho wa karibu kila silabi, zinabeba noti ndefu juu ya besi fupi vizuri sana. Kiingereza cha kuiga kitawafanya wa elfu moja kwenye foleni ya watu wa Manchester. Kama kuna ubeti unaokuja kwa Kinyakyusa au Kisafwa, uacheni uje.

Mkishapata nyimbo mbili tatu zilizosimama, ndipo muanze kutafuta sauti za mahali penu. Depeche Mode mwaka 1983 walizunguka maeneo ya ujenzi wakirekodi vyuma vikigongwa, wakavipiga kama ngoma kwa kutumia sampla, chombo kinachopiga milio iliyorekodiwa. Nyinyi mna simu. Mna mashine ya kusaga, mna mafundi wa mageti wanaogonga bomba tangu asubuhi, mna stesheni ya TAZARA. Rekodini mlio mmoja mfupi ulio safi, ufanyeni uwe sneya ya wimbo mmoja. Usizidi mmoja. Nyimbo zilizojazwa milio ya mtaani huchosha haraka.

Mmoja wenu akihamia mji mwingine kwa masomo au kazi, bendi isife. Mwaka 2003 watu wawili wa Marekani walitoa albamu kwa jina The Postal Service, kwa sababu waliitengeneza wakitumiana kazi kwa posta, kila mmoja mji wake. Kutoka Uyole mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na WhatsApp inafika kabla ya basi kupita Igurusi. Ila tumeni WAV kama hati. Mkituma kama sauti ya kawaida, inabanwa na kuharibika.

Fedha na haki, kwa ufupi. Siku mnayoumaliza wimbo, kabla haujaenda popote, andikeni kwenye karatasi nani ametunga nini na mgawo wa kila mmoja, msaini watatu. Mimi siwashauri mpeane mikono kama Miller na Depeche Mode. Wao walibahatika na mtu mwaminifu. Kisha jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama wasanii, na wimbo muusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Nimebakiza Dar. Nendeni siku mkiwa na nyimbo nne au tano zilizochanganywa, mnazozipenda mkizisikiliza kwenye spika za bajaji na kwenye hedifoni. Kinachostahili kulipiwa studio nzuri ni ile hatua ya mwisho ya kusawazisha na kuinua sauti kabla ya kutoa, kwa sababu inataka chumba kilichopimwa na sikio lisiloujua wimbo. Hata hiyo inaweza kufanyika kwa kumtumia mtu mafaili, nauli mkaiweka kwenye maiki. Akianza kuwashauri muongeze kiki nzito, mshukuruni, mlipeni, mtafute mwingine. Na nitumieni huo wimbo wa kwanza: WAV, kila mstari faili lake, mkiwa mmeandika tempo kwenye jina la faili. Nitausikiliza wote na kuwajibu besi kwa besi.